Aliye Juu Aliteremka Mwenyewe: Carey Francis na Heshima ya Ubao

Wahenga walitwambia kwamba aliye juu tumngoje chini. Aghalabu methali hiyo hutumiwa kwa kebehi dhidi ya mkubwa anayejivuna, kwamba iko siku ataanguka nasi tutakuwapo kumtazama. Ni nadra kumsikia mtu akiitumia kumsifu aliyekuwa juu akateremka kwa hiari yake, pasipo kusukumwa wala kufedheheshwa, akafika chini na kuendelea na kazi. Hata hivyo, historia ya elimu nchini Kenya inaye mtu wa namna hiyo. Jina lake ni Edward Carey Francis. Alikuwa mwalimu mkuu wa Shule ya Upili ya Alliance, Kikuyu, kwa miaka 22. Alipoondoka katika wadhifa huo mwaka 1962 hakurejea kwao Uingereza kupumzika. Alikwenda Pumwani, mtaa wa watu wa kipato cha chini mashariki mwa Nairobi, akashika chaki kama mwalimu wa kawaida katika shule ya sekondari ya huko.

Maisha ya mzee huyo yanafaa kukumbukwa na walimu wa leo, hasa wale wenye madaraka shuleni. Kando ya barabara kuu ya Thika, katika vitongoji kama Kimbo, wanaishi walimu wanaofundisha Ruiru, Juja, Thika na hata ndani ya jiji la Nairobi. Alfajiri utawaona kituoni wakingoja matatu, mikoba yao imejaa madaftari ya wanafunzi. Miongoni mwao wamo walimu wakuu na manaibu wao. Wengi wa hawa waliingia katika kazi hii kwa kuwa walipenda kufundisha, wakafundisha vyema, na kwa sababu hiyo wakapandishwa vyeo. Tangu siku ile kazi yao ikawa ni risiti za karo, zabuni za mahindi na maharagwe, vikao vya bodi ya usimamizi, wazazi wenye malalamiko na fomu zisizokwisha. Moto uliowaka vifuani mwao walipotoka chuoni ukapungua hadi ukabaki makaa. Inapofika barua ya uhamisho, au fununu ya kurudishwa darasani, huipokea kama mtu anayesomewa hukumu.

Je, ni lazima iwe hivyo? Kabla ya kulijibu swali hili, na tumfuate Francis hatua kwa hatua.

Alizaliwa London mnamo Septemba 1897. Ujana wake ulikutana na Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia, naye akatumikia jeshi la nchi yake katika kikosi cha mizinga. Vita vilipokwisha alijiunga na Chuo cha Trinity katika Chuo Kikuu cha Cambridge kusomea hisabati, akafuzu katika daraja la juu kabisa. Mwaka 1922 aliteuliwa kuwa miongoni mwa wanazuoni wa kudumu wa Peterhouse, chuo kikongwe kuliko vyote vya Cambridge, kilichoasisiwa katika karne ya 13. Hapo alifundisha, akasimamia masomo ya wanahisabati chipukizi, na akabebeshwa pia usimamizi wa mali ya chuo. Pamoja na J. E. Littlewood, mmoja wa wanahisabati waliosifika sana Uingereza wakati ule, alitoa kitabu cha mazoezi ya hisabati ya ngazi ya juu.

Kwa vipimo vya ulimwengu, kijana huyo alikuwa amefika. Alikuwa na cheo, heshima, marafiki wasomi na maisha ya uhakika hadi uzeeni. Angekaa tu pale, miaka ingempandisha. Lakini mwaka 1928, akiwa na umri wa miaka 30 hivi, alijiuzulu. Alijiunga na chama cha wamishonari wa Kanisa la Kianglikana, akasafiri hadi koloni la Kenya kuwa mwalimu mkuu wa shule ya Maseno, Nyanza, karibu na mstari wa ikweta.

Msomaji asiyeifahamu Maseno ya wakati ule huenda akadhani kwamba Francis alihama kutoka chuo kimoja kikubwa hadi kingine. La hasha. Shule hiyo ilianzishwa na wamishonari mwaka 1906, na wengi wa wanafunzi wake walikuwa katika ngazi ambayo leo tungeiita ya msingi. Mnamo 1908 wanafunzi wake waligoma, wakilalamika kwamba walikuwa wakifanyizwa kazi za mikono kuliko kufundishwa masomo. Ni mgomo unaostahili kutajwa, kwa sababu unaonyesha wazi kwamba Mwafrika hakungoja mgeni aje kumshawishi apende elimu. Kiu ilikuwapo, kilichokosekana ni kisima. Miaka 20 baada ya mgomo huo akawasili mwanahisabati wa Cambridge, tayari kufundisha hesabu za kawaida kwa vijana ambao babu zao hawakuwa wameona ubao.

Huko Maseno alikaa miaka 12. Alifundisha, akasimamia shule, akawafunza vijana kandanda, mchezo alioupenda mno. Pia aliandika vitabu vya hesabu kwa ajili ya shule za msingi za Afrika Mashariki. Mtu aliyekuwa akiwaandikia wanahisabati wa Cambridge sasa alikaa kitako kutafakari jinsi ya kumweleza mtoto wa Nyanza ugawanyaji na sehemu. Wapo wasomi ambao wangeona kazi hiyo ni ya kuwadhalilisha. Hata hivyo, yeyote aliyewahi kufundisha anajua kwamba kumweleza mtoto jambo jepesi likaeleweka huhitaji akili kubwa kuliko kumweleza mtaalamu jambo gumu. Miongoni mwa waliopita mikononi mwake Maseno ni Jaramogi Oginga Odinga, ambaye baadaye alirudi pale kufundisha, na mwaka 1964 akawa makamu wa kwanza wa rais wa Jamhuri ya Kenya.

Mwaka 1940 Francis alihamishiwa Alliance. Shule hii ilifunguliwa mwaka 1926 huko Kikuyu kwa ushirikiano wa makanisa kadhaa ya Kiprotestanti, na ndiko lilikotoka jina lake. Mwalimu mkuu wa kwanza, G. A. Grieve, alikuwa ameiongoza tangu mwanzo na kuiwekea msingi. Wakati huo shule za sekondari za Waafrika zilikuwa za kuhesabika kwa vidole. Upande wa Wakatoliki kulikuwa na shule iliyoanzia Kabaa, Ukambani, ikahamia Mang'u. Wasomaji wetu wa Thika wanaifahamu vyema, kwani leo ni jirani yao, na ushindani wake na Alliance katika mitihani umedumu kwa vizazi kadhaa.

Yafaa wanafunzi wa leo waelewe hali ilivyokuwa. Serikali ya kikoloni ilizitenga shule kwa rangi. Watoto wa Wazungu walikuwa na shule zao zenye kila kitu, Wahindi zao, na Waafrika zao. Fedha zilizotumiwa kwa mtoto wa Kizungu zilikuwa nyingi mara dufu na zaidi kuliko zile za mtoto wa Kiafrika. Juu ya hayo, walikuwapo walowezi waliodai kwamba akili ya Mwafrika haikuumbwa kwa masomo ya juu, kwamba inamtosha kujifunza useremala na ukulima. Francis hakujibu dai hilo kwa hotuba. Aliwaandaa wanafunzi wake kufanya mtihani uleule wa Cambridge waliofanya vijana wa Kizungu, wakaufaulu, na mwaka baada ya mwaka Alliance ikapeleka vijana Makerere, Uganda. Matokeo ya mitihani yakawa ushahidi ambao mlowezi hakuweza kuupinga.

Utawala wake ulikuwa wa amri na nidhamu kali. Siku ya mwanafunzi ilipangwa tangu mapambazuko hadi taa zilipozimwa. Palikuwa na ukaguzi wa usafi, kazi za mikono, michezo, sala na masomo, na aliyekiuka aliadhibiwa. Pamoja na mzigo huo wote wa uongozi, hakuliacha darasa. Aliendelea kufundisha. Jambo hili ndilo ufunguo wa yote yaliyofuata, nasi tutalirudia.

Oktoba 1952 serikali ilitangaza hali ya hatari kwa sababu ya vita vya Mau Mau. Alliance ilikuwa katikati ya nchi ya Wakikuyu, na wanafunzi wake wengi walitoka katika jamii zilizoandamwa na vita hivyo. Mmoja wao alikuwa Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyeingia shuleni hapo mwaka 1955. Aliporudi nyumbani likizo ya kwanza alikikuta kijiji chao karibu na Limuru kimebomolewa kwa amri ya serikali na watu wamehamishwa. Mwandishi huyo, aliyefariki mwaka 2025, alikisimulia kisa hicho miongo mingi baadaye katika kumbukumbu zake za miaka ya Alliance zilizochapishwa mwaka 2012. Nje ya lango kulikuwa na bunduki, vizuizi barabarani na misako. Ndani ya lango kengele iliendelea kulia kwa saa zake na masomo yakaendelea.

Francis aliwapinga Mau Mau waziwazi. Lakini hakufumba macho mbele ya ukatili wa askari wa serikali dhidi ya raia. Aliulalamikia kwa wakubwa wa serikali, na mwaka 1955 makala yake kuhusu matatizo ya Kenya, kama yalivyoonekana na mwalimu anayeishi katika nchi ya Wakikuyu, ilichapishwa katika jarida la African Affairs la Uingereza. Kwa Mzungu wa Kenya wa miaka hiyo, kunyamaza kungekuwa rahisi zaidi.

Tukimsifu, sharti tuyaseme na mengine. Francis alikuwa mtu wa zama zake. Aliamini kwamba utawala wa Waingereza ulikuwa na nia njema kwa jumla, na hakuwapenda wanasiasa waliodai uhuru kwa haraka. Alijiona mlezi, na mlezi huchelewa kutambua kwamba mtoto amekuwa mtu mzima. Wapo waliosema, na hawakukosea kabisa, kwamba shule yake ilitengeneza Waafrika wa kuendesha serikali ya aina ileile aliyoiacha Mwingereza. Ngũgĩ mwenyewe, katika riwaya yake ya Petals of Blood ya mwaka 1977, alimchora mwalimu mkuu wa Kizungu aitwaye Cambridge Fraudsham, na wahakiki hawakupata taabu kutambua kivuli cha nani kilikuwa kimepita hapo. Miaka 35 baadaye, katika kumbukumbu tulizozitaja, mwandishi yuleyule alimtazama upya mwalimu wake, akamwonyesha kuwa mtu mwenye pande nyingi. Mwalimu anayeweza kuishi katika fikra za mwanafunzi wake kwa zaidi ya nusu karne, akigombwa na kupatanishwa, hakuwa mwalimu wa mchezo.

Sasa tufike mwaka 1962. Kenya ilikuwa ikinukia uhuru. Francis alikuwa akitimiza miaka 65. Hakuwa ameoa, wala hakuwa na mtoto wa kumlea. Shule aliyoiongoza ilikuwa imepata sifa kote Afrika Mashariki, na waliosoma humo walikuwa wakijiandaa kushika wizara na idara za dola mpya. Kwa mtu kama huyo njia zilikuwa nyingi. Angerudi Uingereza akapokewa kwa heshima katika vyuo alivyovijua. Angekaa Kikuyu akawa mzee wa shule, akiketi katika kiti cha mbele kila siku ya sherehe, akimsahihisha aliyemrithi. Hii ya pili ni njia ambayo wakuu wengi wastaafu huipenda, nayo huwaudhi sana warithi wao.

Yeye alichagua Pumwani. Mtaa huo ulianzishwa na serikali ya kikoloni mwanzoni mwa miaka ya 1920 kuwa makazi rasmi ya Waafrika mjini Nairobi. Kiswahili kilikuwa lugha ya vichochoro vyake, misikiti na makanisa yakawa jirani, na nyumba za Majengo zikajaa watu wa makabila yote waliokuja mjini kutafuta riziki. Shule ya sekondari ya Pumwani haikuwa Alliance. Wanafunzi wake hawakuwa wateule wachache waliochujwa kutoka nchi nzima, wakalala bwenini mbali na makelele ya dunia. Wengi wao walikuwa watoto wa mjini, wenye akili lakini wenye shida za mjini.

Hapo Francis hakuwa mkuu. Alikuwa mwalimu miongoni mwa walimu. Ratiba ilipangwa na mwingine, naye akaifuata. Maamuzi yalitolewa na mwingine, naye akayaheshimu. Mtu aliyezoea kwa zaidi ya miongo mitatu kuwa neno lake ndilo la mwisho, tangu Maseno hadi Kikuyu, sasa alisubiri zamu yake ya kuingia darasani kama wenzake. Aliifanya kazi hiyo hadi mwisho wa uhai wake. Alifariki Julai 1966, akiwa na umri wa miaka 68.

Ndugu mwalimu, jambo gani lililomwezesha mtu huyo kuhama mara tatu, na kila mara akafanya kazi kwa bidii ileile? Wengine watasema ni dini, na bila shaka imani yake ilikuwa nguzo. Lakini walikuwapo wamishonari wengi wenye imani ambao hawakuweza kuteremka kitini. Nionavyo mimi, siri imo katika lile tulilolitaja awali. Francis hakuliacha darasa hata alipokuwa mkuu. Cheo kilikuwa kama koti alilovaa juu ya nguo zake. Koti lilipovuliwa hakubaki uchi, kwa maana nguo yenyewe ilikuwa ualimu. Mwalimu mkuu ambaye kwa miaka 15 hajasahihisha daftari hata moja, akivuliwa koti, hana budi kuona haya na kutetemeka kwa baridi.

Na hapa ndipo penye dosari ya mfumo wetu, dosari ambayo haijatoka tangu ukoloni. Sisi humtuza mwalimu bora kwa kumwondoa darasani. Mwalimu wa hisabati akifaulisha watoto, tunampa unaibu. Akiendelea vizuri, tunampa shule. Akifanikisha hilo, tunampeleka ofisi ya elimu ya kaunti, na huko hakuna mtoto hata mmoja. Mshahara unapanda kadiri anavyozidi kwenda mbali na ubao. Kisha tunashangaa kwa nini matokeo ya hisabati yanadidimia, na kwa nini walimu wakuu wetu wana nyuso za watu waliochoka. Tumemchukua mvuvi hodari tukamfanya karani wa soko la samaki, halafu tunamuuliza mbona hana furaha.

Matukio ya miaka ya karibuni yameliongezea swali hili uzito. Mwaka 2018 Tume ya Huduma kwa Walimu ilianza kuwahamisha walimu wakuu na wengine mbali na maeneo yao ya nyumbani. Familia nyingi ziligawanyika, malalamiko yakawa mengi, na baada ya 2022 mpango huo ukalegezwa na wengi wakarejeshwa karibu na kwao. Mwaka 2023 nao ulileta sekondari msingi ndani ya shule za msingi chini ya mtaala wa umilisi, na walimu wakuu wa shule za msingi wakajikuta wakisimamia madarasa na walimu ambao hawakuandaliwa kuwasimamia. Katika mambo haya yote neno uhamisho limebaki na harufu ya adhabu.

Kisa cha Francis kinatufundisha kwamba uhamisho unaweza kuwa dawa, lakini kwa masharti. Sharti la kwanza ni hiari. Francis alijiuzulu Cambridge mwenyewe, na mwenyewe alikwenda Pumwani. Hatua ileile ambayo humpa mtu uhai akiichagua, humvunja moyo akisukumwa. Sharti la pili ni haja. Kila alikokwenda palikuwa na upungufu ambao yeye aliweza kuuziba. Mtu hapati ari kwa kuhamishwa kutoka ofisi moja yenye makabati hadi nyingine yenye makabati mengi zaidi. Huipata anapoona kwamba asipofika leo, yuko mtoto fulani atakayekosa kitu. Sharti la tatu ni kuacha. Alipoondoka Alliance aliondoka. Hakubeba kiti chake mgongoni hadi Pumwani.

Haitakuwa haki, hata hivyo, kumchukua Francis tukamfanya fimbo ya kuwachapa walimu wa Kenya. Yeye hakuwa na mke wala karo za watoto. Alikuwa na chama cha wamishonari nyuma yake, na alikuwa Mzungu katika nchi iliyotawaliwa na Wazungu, mtu ambaye heshima yake haikuweza kupotea kwa kushika chaki. Naibu wa mwalimu mkuu anayeishi Kimbo ana kodi ya nyumba, mkopo wa chama cha ushirika, mtoto chuoni na wazee kijijini. Akiteremka cheo na mshahara ukateremka naye, nani atamlipia? Tena jamii yetu ina ulimi. Mwalimu mkuu akirudi darasani, majirani huulizana alifuja fedha gani. Kumwambia mtu huyo aige kujitolea kwa Francis bila kumpa usalama wa Francis ni kumhubiria mwenye njaa fadhila za kufunga.

Kwa sababu hiyo, wajibu wa kwanza ni wa mwajiri. Iwepo njia ya mwalimu kupanda ngazi ya mshahara akiwa darasani, kwa umahiri wa kufundisha, pasipo kulazimishwa kutafuta ofisi. Iwepo pia njia ya heshima ya kurudi. Mkuu aliyeongoza shule miaka kumi na ambaye angependa kumaliza utumishi wake akifundisha kidato na kuwalea walimu wapya, aruhusiwe kufanya hivyo bila kupunguziwa mshahara na bila kunong'onwa. Jungu kuu halikosi ukoko. Hebu fikiria shule changa ya kutwa huko Ruiru au Thika iliyo na walimu vijana watupu, kisha aje miongoni mwao mzee mmoja aliyeongoza shule kubwa, aketi nao katika chumba cha walimu, awaonyeshe jinsi ya kuandaa somo na jinsi ya kumtuliza mzazi mkali. Shule hiyo itakuwa imepata hazina ambayo hakuna bajeti ya wizara inayoweza kuinunua.

Wajibu wa pili ni wa mwalimu mkuu mwenyewe. Usilingoje agizo la kutoka juu ili uingie darasani. Chukua somo moja, darasa moja, vipindi vichache kwa wiki. Risiti zitangoja, na mhasibu yupo. Ukiingia darasani utaona kwa macho yako kile ambacho ripoti za idara hazikuelezi: mtoto aliyelala kwa njaa, kitabu kimoja kinachotumiwa na wanne, mwalimu mwenzako anayehitaji msaada. Utaongoza vizuri zaidi. Na siku koti la cheo litakapovuliwa, kwa maana litavuliwa, hutatafuta nguo.

Nanyi wanafunzi mnaosoma ukurasa huu, msidhani kwamba mambo haya ni ya wakubwa tu. Mmezoea kupanga kazi kwa ngazi: daktari juu, mwanasheria juu, mwalimu chini. Francis alikuwa na akili ya kufanya kazi yoyote iliyohitaji hesabu, na aliwafundisha watu waliokuja kutawala nchi. Kwa umri wa mtu mzima, kwa macho mawili, aliitazama ngazi hiyo na kuona kwamba mahali pake ni mbele ya ubao. Mkichagua kazi, jiulizeni ni ipi ambayo mtakuwa tayari kuifanya hata baada ya kunyang'anywa cheo, gari na kiti cha kuzunguka. Hiyo ndiyo yenu.

Kenya ilipopata uhuru mwaka 1963 ilikuwa na shule za sekondari 151 na wanafunzi wapatao 30,000 nchi nzima. Leo idadi ya shule imepita maelfu, na wanafunzi ni mamilioni. Tume ya kuwaajiri walimu iliundwa mwaka 1967, mwaka mmoja tu baada ya Francis kufariki, na sasa ndiyo mwajiri mkubwa wa walimu wetu. Tumejenga madarasa, tumejenga maabara, na tumejenga barabara pana ya kutupeleka kutoka Kimbo hadi Pangani, mlangoni mwa Pumwani. Kilichobaki ni kujenga njia ya kumrudisha mwalimu mzuri darasani bila aibu. Francis aliipita njia hiyo peke yake ingali kichaka. Wanaotaka kumfuata wapo, katika ofisi za shule zetu, wakitia sahihi fomu huku masikio yao yakisikiliza sauti za darasa la jirani.